Barua ya wazi: Kabla ya sindano, mpeni mtoto kitu cha kushika

Kwa:
Mheshimiwa Afisa wa Afya wa Wilaya,
Wasimamizi wa hospitali na vituo vya afya vya ngazi ya pili, ya tatu na ya nne,
Wenyeviti wa kamati za usimamizi wa vituo.

YAH: MAUMIVU YA WATOTO WAKATI WA SINDANO, KANULA NA KUSAFISHWA VIDONDA

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Hoja hizi zilisemwa kikaoni, zikaandikwa, kisha zikaandikwa tena. Tulijibiwa "tutaangalia", na baada ya hapo kimya. Hatutaji wilaya wala kituo, maana hali hii haina kituo kimoja, na hatutaki kumwaibisha muuguzi anayehudumia foleni nzima peke yake siku ya kliniki.

Tunachodai ni kidogo. Mtoto anapochomwa, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake kwa dakika hizo ni kuteka mawazo ya mtoto huyo, na hatua hiyo iandikwe katika utaratibu wa kazi kama ilivyoandikwa kunawa mikono. Wodini wengine huita jambo hili "kumzuga mtoto". Neno hilo linanuka udanganyifu, na tutaeleza kwa nini udanganyifu ndio unaoharibu kila kitu. Sisi tunasema kuteka mawazo.

Hesabu kwanza. Mtoto wa Uganda huchomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, anapozaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hurudi, na kila safari huchomwa zaidi ya sindano moja. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Tangu Aprili 2025, katika wilaya zenye malaria nyingi, imeongezwa chanjo ya malaria ya miezi 6, 7, 8 na 18. Hiyo ni ratiba ya mtoto mzima wa afya. Akipata malaria kali anawekewa kanula, yaani mrija mwembamba wa mshipani, na kupewa sindano ya artesuneti mara moja, kisha saa ya 12 na saa ya 24. Mwenye selimundu, mwenye virusi vya UKIMWI anayetolewa damu mara kwa mara na mwenye saratani ya damu anayechomwa mgongoni hawahesabu tena. Hofu ya sindano mara nyingi hufundishwa, na sehemu kubwa ya somo hilo hutolewa katika vyumba vyetu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mtoto anakandamizwa kama mbuzi wa Idd

Analazwa chali, mmoja ameshika miguu, mwingine kifua, wa tatu kichwa, na mama ametolewa nje "asije akazimia". Kulazwa chali na kubanwa na watu asiowajua kunamtia mtoto hofu kuliko sindano yenyewe. Anapopigana misuli inakaza, na mwenye hofu mishipa yake ya ngozi husinyaa. Ule mshipa uliokuwa ukionekana mlangoni haupo tena, na mhudumu anatafuta gizani.

Kwa kanula ya mkono, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akae mapajani pa mama, kifua kwa kifua, miguu ikizunguka kiuno cha mama. Mkono wa kuchomwa upite chini ya kwapa la mama utokee nyuma, ulazwe juu ya meza yenye taulo lililokunjwa. Mhudumu anakaa nyuma ya mama. Msaidizi mmoja anashika kiwiko na kifundo cha mkono, basi. Uso wa mtoto unaelekea bega la pili la mama, na upande huo ndio anaosimama mteka mawazo. Mama hamshiki mtoto kwa nguvu, anamkumbatia.

Kwa chanjo ya paja, mtoto mchanga awe ananyonya. Aanze kunyonya kabla, mhudumu angoje mpaka ashike titi vizuri na kumeza, ndipo achome upande wa nje wa paja, na aendelee kunyonya baadaye. Wako wanaokataza wakisema atapaliwa. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, linashauri kunyonyesha wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Mapendekezo hayohayo yanasema mhudumu asivute bomba kutafuta damu, na chanjo inayouma zaidi ichomwe mwisho. Hayo mawili hayahitaji hata senti.

2. Maneno yetu yanaumiza kabla ya sindano

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tunagusa adabu zetu wenyewe. Kiswahili kina neno zuri, "pole". Mtoto akijikwaa tunasema pole, akifiwa tunasema pole. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne ameketi, hajaguswa, na watu watatu wanamwimbia "pole, pole mwanangu, pole". Anajua lugha. Pole husemwa jambo baya likishatokea au likiwa njiani, kwa hiyo ameshaambiwa. Watafiti waliorekodi mazungumzo ya vyumba vya matibabu ya watoto wamekuta jambo hilohilo kwa lugha nyingine: kubembeleza kupita kiasi, kuomba radhi na kusema "usiogope" huambatana na hofu kubwa zaidi, na maneno yanayompeleka mtoto kwenye jambo lingine huambatana na utulivu. Pole iwekwe akiba. Sindano ikishatoka, isemwe kwa moyo wote, mara moja.

Kuna maneno mabaya kuliko hayo. La kwanza ni vitisho vya nyumbani na barazani, "ukilia nitamwita musawo (daktari) akudunge". La pili ni uongo, "hatukuchomi, tunakuangalia tu". Uongo unafanya kazi mara moja, na wiki ya 10 inakuja baada ya wiki ya 6. La tatu ni "haiumi". Inauma. Mtoto aambiwe ukweli mfupi, kwa sauti ya kawaida, muda mfupi kabla: "Utahisi kama kubanwa mkononi. Wewe kazi yako ni kupuliza." Mkubwa wa miaka saba na kuendelea aelezwe mapema zaidi na aulizwe maswali mawili anayoweza kweli kuyajibu: mkono upi, na unataka kutazama au kutotazama? Wako watoto wanaotulia wakitazama. Kuwalazimisha wageuze uso ni kosa.

Asiulizwe "tuanze?" kama jibu la "hapana" halitaheshimiwa.

3. Kuteka mawazo kunaanza kwa kuchelewa na kunaishia mapema

Hili ndilo kosa la kiufundi tunaloliona zaidi. Mtoto anapewa kichezeo akiwa tayari anapiga kelele. Mawazo ni kama kikombe, yakishajaa hofu hakiingii kitu kingine. Mteka mawazo aanze dakika moja au mbili kabla ya ngozi kuguswa, aendelee sindano inapoingia, na asiache mpaka plasta ya mwisho ibandikwe. Mara nyingi yule aliyekuwa akiimba hunyamaza ghafla sindano inapoingia ili atazame. Ukimya huo ni kengele kwa mtoto.

Kwa hiyo vyombo viandaliwe pasipo mtoto kuona: kanula ya njano namba 24 au ya bluu namba 22, mpira wa kufungia mkono, pamba na spiriti, maji ya chumvi ya kusukumia, plasta zilizokwisha kukatwa, kibao cha kutuliza mkono. Dakika ya kutafuta mkasi ni dakika ya kupoteza kila kilichojengwa. Na sauti iwe moja. Mama anaimba, muuguzi anahesabu, dereva wa gari la wagonjwa anasema "kaza moyo": hapo hakuna aliyeteka chochote.

4. Kila umri na chombo chake, na hakuna kinachoshinda bei ya soda chache

Chini ya miezi sita: titi, ngozi kwa ngozi, sauti ya mama. Miezi sita hadi miaka miwili: kitu kinacholia na kusogea, kwa mfano chupa ndogo ya plastiki yenye maharagwe, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa gundi, au kitambaa cha kujificha uso na kujitokeza.

Miaka miwili hadi mitano ni umri wa mapovu. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo, vijiko sita vya maji safi, robo kijiko cha sukari ili mapovu yasipasuke upesi. Pete ya kupulizia inatengenezwa kwa waya laini uliofunikwa uzi. Mtoto anapopuliza povu kubwa anatoa pumzi ndefu na ya taratibu, na pumzi hiyo yenyewe hutuliza mwili. Sindano iingie wakati pumzi inatoka. Yako mambo matatu ya kuangalia. Kila mtoto awe na pete yake, isipitishwe mdomo kwa mdomo, hasa kwenye wodi yenye kifua kikuu au surua. Sakafu ifutwe, sabuni inateleza. Na mapovu yasitumike karibu na kidonda cha moto au mahali pa kuchoma mgongo, maana kila povu likipasuka linadondosha tone.

Glavu iliyopulizwa ikafungwa kama puto inapendwa sana na inahitaji onyo. Ikipasuka, kipande chake kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Ichorwe uso, itazamwe, ishikwe na mtu mzima, isiachwe kitandani. Wanasesere wa manyoya nao hawafai kuzungushwa, hawaoshwi kati ya mtoto na mtoto.

Miaka mitano na kuendelea tuna hazina ambayo hospitali nyingi za ng'ambo hazina: vitendawili. "Kitendawili!" Mtoto anaitikia "Tega!" Kuitikia kwenyewe tayari ni kazi. Kitegwe wakati mpira unafungwa mkononi, na jibu lisitolewe mpaka plasta. "Nyumba yangu haina mlango" inatosha kanula nzima kama hajaisikia. Kama ameisikia, atege yeye. Kwa asiyependa vitendawili iwepo kadi ya kutafuta: karatasi ya sokoni yenye watu wengi, jogoo watatu, boda boda mbili, mkungu wa matoke uliofichwa, imefunikwa plastiki pande zote ili ifutwe kwa klorini. Kuhesabu kurudi nyuma kutoka 20 nako kunafaa, mradi awe anajua kuhesabu kwa lugha hiyo. Hapa tunawakumbusha wenye makambi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali: mtoto aliyetoka Kongo na Kiswahili chake hatekwi na wimbo wa Kiingereza wa shule ya chekechea. Mama yake aulizwe anaimba nini nyumbani.

Wasichana wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wanaochomwa shuleni kwa mstari, wana tatizo lao, nalo ni kuzimia. Mmoja akianguka wa nyuma yake anafuata. Wasipange mstari wa kutazamana, wachomwe wameketi, wakae dakika 15 baadaye. Anayejijua kuzimia akaze misuli ya miguu na tumbo kwa sekunde 15 hivi, alegeze kidogo, akaze tena. Shinikizo la damu linabaki juu.

5. Simu imegeuzwa kuwa jibu la kila kitu

Simu inasaidia, lakini ikiwa mkononi mwa mtu anayejua. Video ipakuliwe kabla na mtandao uzimwe, kwa sababu tangazo linaloingia katikati au kiduara cha kusubiri huja wakati uleule wa kuchoma. Mtoto ashiriki, asitazame tu: "Huyo paka anaelekea wapi? Mwambie akimbie." Kifaa kinachomtaka mtoto afanye jambo hushika mawazo yake kuliko kinachomwonyesha tu. Na simu ya mama yenye asilimia nne za chaji si mpango wa wodi.

6. Kuteka mawazo kunatumiwa mahali pasipotosha

Hatutaki barua hii isomwe kama ruhusa ya kunyima dawa. Kurudisha mfupa uliovunjika, kusafisha kidonda kikubwa cha moto, kutoboa jipu, kushona: hayo yanahitaji ganzi au dawa ya maumivu kwanza, na kitendawili baadaye. Mofini, dawa kali ya maumivu, ikinywewa mlangoni mwa chumba cha kufungia vidonda imepotea bure, ilihitaji nusu saa na zaidi kufanya kazi. Lignokeini, dawa ya ganzi, inayochomwa na kidonda kushonwa papo hapo nayo haijapewa dakika zake. Mtoto aliyelegea, mwenye degedege au anayepumua kwa shida hahitaji kuimbiwa. Anahitaji kanula sasa hivi, na hakuna mwenye akili atakayewalaumu kwa hilo.

Mheshimiwa, nchi hii si mgeni katika jambo la maumivu. Hospice Africa Uganda, shirika la huduma shufaa, yaani kutuliza maumivu ya wenye magonjwa mazito, ilianzishwa mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa kuandika mofini. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Ni ajabu kwamba tuliothubutu kumwamini muuguzi na mofini hatujamwamini na pete ya waya.

Tunajua majibu mtakayotupa.

Mtasema hakuna muda. Muda unapotea kwenye jaribio la tatu la kanula, si kwenye dakika mbili za mapovu. Kila kanula inayotupwa imetoka katika bohari yenu.

Mtasema hakuna watu. Mteka mawazo si lazima awe muuguzi. Anaweza kuwa mama, baba, dada mkubwa, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanafunzi wa uuguzi. Mafunzo yake ni sentensi tatu: anza kabla, usinyamaze, usitaje sindano. Mama akiwa anatetemeka asilazimishwe, amshike tu.

Mtasema watoto wachanga hawakumbuki. Dunia nzima ilisema hivyo mpaka miaka ya 1980, ikawapasua watoto wachanga kwa ganzi pungufu, hadi utafiti wa Kanwaljeet Anand na wenzake mwaka 1987 ulipoonyesha miili yao inavyoathirika. Mwaka 1997 Kanada, wavulana waliotahiriwa bila ganzi walionyesha maumivu makubwa kuliko wasiotahiriwa kwenye chanjo ya miezi minne hadi sita. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Mtasema ushahidi haujakamilika. Hapo mna hoja, na hatuifichi. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 59 ya njia za kisaikolojia yenye washiriki 5,550, yakaona kwamba kuteka mawazo kunapunguza maumivu na hofu ya sindano, lakini yakasema uhakika wa ushahidi ni mdogo. Sababu mojawapo ni kwamba huwezi kumficha mtoto kuwa anapuliza mapovu. Kwa dawa yenye sumu tungengoja. Kwa sabuni na maji, tunangoja nini?

Kuna jibu la tano ambalo halisemwi kikaoni: mtoto wa kiume azoee. Hilo hatulijibu.

Tunaomba yafuatayo:

a) Ukurasa mmoja wa utaratibu, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mahali, ubandikwe katika kila chumba cha sindano, ukitaja nani ni mteka mawazo kabla ya glavu kuvaliwa.

b) Sanduku moja kwa kila wodi ya watoto na kila chumba cha chanjo: chupa ya sabuni ya maji, pete za waya 20, kadi za kutafuta 4, vichezeo 3 vinavyoosheka, daftari la vitendawili na nyimbo za lugha za eneo. Linunuliwe kwa fedha za huduma za msingi za robo mwaka, na jina la mwenye ufunguo liandikwe kifunikoni. Sanduku lililofungwa ofisini kwa msimamizi saa za usiku ni sawa na kutokuwapo.

c) Kanuni ya majaribio mawili. Mhudumu akikosa mshipa mara mbili, anampisha mwenzake. Isipokuwa ni dharura, mtoto apumzike kwanza.

d) Sindano na kubadilisha bandeji vifanyike katika chumba cha kazi, si kitandani. Kitanda kibaki mahali ambapo hakuna anayekuja kuumiza, na watoto wengine wasiwe watazamaji.

e) Kila kituo kipime watoto 10 kwa mwezi kwa kipimo cha FLACC, yaani uso, miguu, mwendo, kilio na kutulizika, kila kimoja sifuri hadi mbili, jumla 10. Wapimwe wakati wa sindano na dakika moja baadaye, na idadi ya majaribio iandikwe. Miezi mitatu itatosha kuonyesha kama tumekosea.

f) Kipindi kimoja cha mafunzo ya kazini, saa moja, kwa vitendo, na walinzi na wafagiaji wakiwemo. Wao ndio huwa wa kwanza kumwambia mtoto atachomwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja jina la afisa atakayesimamia. Mkikataa, tuandikieni mmekataa kipengele gani na kwa sababu ipi. Tuko tayari kuendesha mafunzo ya kituo cha kwanza bila posho, siku yoyote isiyo ya kliniki.

Sisi wenu watiifu,

Wauguzi, wakunga, maafisa tabibu na wahudumu wa afya wa vijiji,
Magharibi mwa Uganda

(Majina na sahihi zimeambatishwa kwenye nakala iliyofikishwa ofisini kwako.)